Shangazi, nimesomesha wadogo zangu watatu, zamu yangu naambiwa nimechelewa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Muheza, mkoani Tanga. Nina watoto wawili na genge la mboga na nafaka karibu na stendi. Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, maana mchana sina pa kulisemea jambo hili nisichekwe.

Baba yetu alifariki mwaka 2000. Nilikuwa kidato cha pili, bado miezi michache tufanye mtihani. Nyuma yangu walikuwepo watatu, wa mwisho hata kutembea alikuwa hajakazana. Matanga yalipoisha wazee walikaa kikao. Hakuna aliyenifukuza shule kwa fimbo. Baba mdogo aliniuliza tu mbele ya watu wote, "Wewe ndiye mkubwa, unasemaje?" Mtoto wa miaka 14 angejibu nini, Shangazi? Wiki iliyofuata nikaanza kukaanga maandazi.

Maandazi hayo, na machungwa kila msimu, na baadaye genge, ndiyo yaliyowasomesha wadogo zangu. Anayenifuata ni mwalimu wa sekondari, anafundisha Kiingereza. Wa pili ni muuguzi. Kitinda mimba ni mhandisi, yuko Dar es Salaam. Huyu wa mwisho Bodi ya Mikopo ilimlipia ada, lakini godoro, nauli na kompyuta ni jasho la Muheza. Sisemi haya kwa kuwasimanga. Nawapenda, na nikiwaona moyo wangu unatulia.

Siku ya mahafali ya huyo wa mwisho tulikwenda ukoo mzima, mimi nikiwa na masufuria ya pilau. Picha zilipokwisha alinipa joho lake nimshikie. Tulipofika tulikofikia niliingia nalo jikoni, nikafunga mlango, nikalivaa. Nilisimama nalo kama dakika tano, mikono inanuka kitunguu. Halafu nikalivua, nikalikunja vizuri, nikatoka kugawa chakula. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama 28. Daftari nalishika tangu 2016. Mwaka jana tuliomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake. Afisa maendeleo ya jamii akaja kukagua vitabu vyetu, akafunua kurasa, akauliza, "Mhasibu wenu ni nani?" Nikasema ni mimi. Akauliza nimesomea wapi. Nikaangalia chini. Akasema, "Mama, kwa mkono huu ungesoma." Neno lile limenikalia kifuani. Nataka kusoma mpaka niwe afisa maendeleo ya jamii kama yeye, na Mungu akijalia nifike chuo kikuu.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha harusi ya kitinda mimba. Mimi nimepangiwa laki 5. Mgao wangu wa kikoba mwezi Desemba utakuwa kama laki 6. Nikasema nitatoa laki 1, hela nyingine nataka kujiandikisha mtihani wa QT, ule wa sisi tulioachia sekondari njiani, na kulipia masomo ya jioni. Walicheka. Mwalimu akasema, "Dada, kwa umri huo ukakae na watoto wanaorisiti?" Mhandisi akasema yeye anakatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi, kama nina hela ya kuchezea ni bora nimwongezee kwenye ukumbi. Muuguzi hakusema kitu, alikuwa anaangalia simu. Mume wangu ni dereva wa lori. Nilipomweleza alisema, "Fanya unavyoona." Mpaka leo sijui ile ni ruhusa au ni kuchoka.

Halafu kuna kijana pale stendi anasema kwa laki 4 atanipatia cheti cha kidato cha nne kilichokamilika, nisihangaike na darasa.

Shangazi, najidanganya? Nitapata mkopo wa Bodi nikifika chuo? Na nifanyeje na ndugu zangu?

Mama wa genge, Muheza

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo kijana wa stendi, maana yeye ndiye mwenye haraka na laki zako. Mkwepe. Mwaka 2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wake, na orodha ya kwanza ikatoka na watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walitolewa kazini, wengine wakiwa wamebakiza miaka michache wastaafu. Baraza la Mitihani lina kumbukumbu ya kila namba ya mtahiniwa, na chuo chochote kitauliza huko kabla ya kukupokea. Lakini hata kama asingekuwepo wa kuhakiki, wewe umeshika hela za wanawake 28 tangu 2016 na bado wanakuamini. Jina hilo lina thamani kuliko laki 4.

Hujidanganyi. Nimefundisha madarasa ya jioni ya watu wazima miaka 11, na nakuandikia nikiwaona wanafunzi wangu. Tulikuwa tunaazima darasa la shule ya msingi. Madawati ni ya watoto, magoti hayaingii chini, kwa hiyo watu wazima walikuwa wanakaa upande upande, daftari mapajani. Palikuwa na mlinzi aliyekuja na sare yake kwa sababu akitoka pale anaingia lindo. Palikuwa na mama mwenye mjukuu mgongoni. Wiki ya kwanza kila mmoja alitafuta kiti cha nyuma, wa nyuma wakakosa nafasi na mbele pako wazi. Wiki ya tatu walikuwa wanagombea kujibu. Aibu unayoiogopa ipo, sikufichi, lakini katika darasa lile huisha mapema sana, kwa sababu kila aliyeko pale amekuja nayo ya kwake.

Sasa njia yenyewe. Kwa kuwa hukufanya mtihani wa kidato cha pili, unaanzia kwenye Mtihani wa Maarifa, huo ambao sote tunauita QT. Ukifaulu, mwaka unaofuata unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili hufanyika Novemba. Usajili wa Baraza kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari, ukichelewa unalipa na faini. Ada ya kujisajili miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000 kwa QT na 50,000 kwa kidato cha nne. Umeona mwenyewe kwamba mtihani si wa laki 6. Gharama iko kwenye masomo, vitabu na nauli, na zaidi ya yote kwenye saa utakazolifunga genge. Nenda ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya mkoa, Tanga mjini. Taasisi hiyo ni ya serikali, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 kwa ajili ya watu kama wewe. Waulize vituo vyao vya masomo vilivyo karibu na Muheza na ada yake, kisha linganisha na vituo vya watu binafsi. Ukikuta kituo kinachokuahidi kufaulu, ondoka.

Na jambo moja dogo ambalo limewaliza wanawake wengi niliowafundisha: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kinasema vile kwa sababu ulishaolewa, na cheti cha darasa la saba kina herufi iliyokosewa na mwalimu mkuu. Yaweke sawa kabla ya kujisajili. Jina utakaloandika kwenye QT ndilo litakalokufuata hadi kwenye digrii, na kulirekebisha baadaye ni viapo, matangazo na safari za Dar.

Kidato cha nne ukipata D nne zisizo za masomo ya dini, mlango wa cheti unafunguka. Maendeleo ya jamii vinafundisha vyuo kadhaa vya serikali, Tengeru kule Arusha kikiwa kimojawapo. Cheti mwaka mmoja, stashahada miwili. Stashahada yako ikifikia wastani wa 3.0 unaweza kuomba digrii. Hapo nataka ukumbuke Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Bunge lilikianzisha kwa sheria ya mwaka 1992 na wanafunzi wa kwanza waliingia 1994. Kina vituo mikoani, Tanga ikiwemo, na unasoma ukiwa kwako na kufanya mitihani kituoni. Wazo lake lilikuwa limeshajaribiwa nje kwa muda mrefu: Chuo Kikuu cha London kilianza kuwapa mitihani ya digrii watu wasiokaa chuoni tangu 1858, na Uingereza ikaja kufungua chuo kikuu huria chake kwa watu wazima wanaofanya kazi mchana. Majirani zetu Kenya walikizindua cha kwao mwaka 2023. Vyuo vya namna hii vilijengwa kwa kumfikiria mtu mwenye genge.

Hesabu miaka nami. QT na kidato cha nne vitakufikisha miaka 41. Cheti 42 au 43. Stashahada 44, labda 45. Hapa lazima nikuambie ukweli ambao mtu wa kukufurahisha tu angeuruka: matangazo mengi ya ajira za serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Kwa hiyo usijipange kusubiri digrii ndipo utafute kazi. Zipo nafasi za usaidizi kwenye maendeleo ya jamii kwa ngazi za chini ya digrii, ziombe mara tu cheti na stashahada zitakapotoka, huku unaendelea. Na usiuweke moyo wako wote kwenye ajira ya serikali. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikoba vinatakiwa kusajiliwa, na kikundi kikisajiliwa kinadaiwa vitabu vilivyonyooka. Vikundi vingapi hapo Muheza na Korogwe havina mtu wa kuvinyoosha? Wewe kazi hiyo tayari unaifanya bure kwa kikundi kimoja.

Kuhusu mkopo wa Bodi, jibu ni hapana, na jibu hilo linaniuma. Miongozo ya miaka ya karibuni inataka mwombaji asizidi miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na kipato cha ajira au biashara. Wewe umri unakutoa, na genge linakutoa. Miaka uliyoitumia kuwasomesha wenzako ndiyo hiyo hiyo inayokufungia mlango. Najua hazina haina pesa za kila mtu na lazima mstari uchorwe mahali. Lakini mstari wa umri humkata zaidi mtoto mkubwa, na msichana zaidi ya mvulana, kwa sababu familia ikiyumba ndiye anayetolewa shule kwanza. Elimu bila ada nayo ilifika kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ni jambo kubwa na nimelishangilia. Ila inamlipia mtoto aliyevaa sare asubuhi. Mama anayekaa kwenye dawati hilo hilo saa 11 jioni analipa mwenyewe.

Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana huko Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 wanawake wote na wanaume wote wapate kwa usawa elimu ya ufundi na ya juu, chuo kikuu kikiwemo, yenye ubora na gharama wanayoimudu. Niliyasoma maneno hayo zaidi ya mara moja nikitafuta umri. Haumo.

Wala si kwamba sisi hatukuwahi kufikiri hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mama yangu mzazi alijifunza kusoma katika kisomo cha miaka ile, chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakachimba vyoo. Choo chetu kilichimbwa na kikundi cha mama. Na Novemba 1974 TANU, katika Azimio la Musoma, iliamua kwamba aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza akafanye kazi angalau miaka miwili na apate kibali cha wenzake kazini. Azimio lile lilikuwa na kasoro zake, wasichana walipungua chuoni hadi wakaondolewa kwenye sharti hilo, na mwishowe likaachwa. Lakini ona lilivyomtazama mtu mzima: aliyekwisha kufanya kazi ndiye aliyeonekana yuko tayari kwa chuo. Wadogo zako wanaokucheka hawajui kwamba nchi hii iliwahi kuwaza kinyume chao kabisa.

Sasa kizuizi ambacho hukukitaja, na ndicho kitakachokutoa jasho. Ukiacha Kiswahili chenyewe na mengine machache, masomo ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza. Wewe mchicha umeulima. Unajua ukikaa kivulini unakuwa mwembamba na rangi inafifia, na usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, ndio huo huo. Mtihani wa Biolojia utakuuliza habari hiyo kwa Kiingereza na kukutaka ujibu kwa Kiingereza. Riba za kikoba unazikokotoa kichwani foleni ikisubiri, lakini swali la hesabu la aina hiyo hiyo litakuja limevaa nguo za kigeni. Nimewaona watu wenye akili kali wakishindwa kwa sababu hiyo tu, wakarudi nyumbani wakiamini hawana kichwa. Kwa maoni yangu huu ni ukuta mkubwa kuliko ada, na nchi bado haijaubomoa. Wewe huwezi kuusubiri ubomolewe, kwa hiyo anza kuupanda leo, kabla hata ya Januari.

Na ngazi unayo. Ndiyo maana nimewaacha ndugu zako mpaka hapa. Mwanangu, una mwalimu wa Kiingereza, una muuguzi wa kukufundisha Biolojia, una mhandisi wa hesabu. Sijui familia nyingi hapa nchini zenye shule kama hiyo ndani. Na umeijenga wewe. Umewaomba ruhusa na umewaomba wakupunguzie mchango, hukuwaomba kile walichonacho kingi. Mhandisi hadanganyi kuhusu Bodi, asilimia 15 inauma mshahara unapoanza. Basi usimdai shilingi. Mdai saa moja kila Jumapili jioni, kwa simu, na picha za maswali kwenye WhatsApp. Mwalimu naye saa moja siku nyingine. Huyo muuguzi aliyekuwa anaangalia simu, mimi ningeanza na yeye. Mtu anayenyamaza wenzake wakicheka mara nyingi ana neno, amekosa pa kuliweka. Mpigie mkiwa wawili tu. Mwambie habari ya joho.

Ndiyo, mwambie. Wadogo zako wanakufahamu kama dada wa masufuria. Ulipokubali kuacha shule mwalimu alikuwa mtoto na mhandisi alikuwa mchanga, na sidhani kama kuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza kwamba palikuwa na kikao na ukaulizwa swali lile. Hawakukucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu hawajawahi kufikiri kwamba na wewe ulikuwa mwanafunzi. Waeleze bila kulia na bila kuwapigia hesabu ya maandazi, ukiwapigia hesabu watajitetea na mazungumzo yatageuka kuwa ya deni.

Harusi toa hiyo laki 1 uliyosema, na usiombe radhi. Nenda na vitenge vyako, simamia jiko kama umezoea, cheza ngoma ya mdogo wako hadi asubuhi. Zile laki 5 zigawe hivi: usajili kwanza, kisha ada ya masomo kwa miezi uliyoweza kuilipia kabisa, kisha vitabu vya mtumba. Ibakize laki moja kwa siku ambazo mtoto ataumwa au machungwa yatashuka bei, maana hizo ndizo siku wanafunzi wazima wanapoacha masomo. Kukopa kwenye kikoba kwa ajili ya ada unaweza, kiasi kidogo, kwa kuandikwa mbele ya wanachama wote kwa sababu wewe ndiye mweka hazina. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba za kukamua, usiisogelee hata kwa wiki moja.

Na ukiona Kiingereza kinakulemea mno mwaka wa kwanza, kuna mlango wa pembeni ambao si aibu kuupita. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viko 54 nchini, vilianza miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wa vijijini, na wilayani kwenu kipo kimoja kiitwacho Kiwanda. Nenda ukaulize wana kozi gani za muda mfupi, na kama wana utaratibu wa kuwalea watoto mama akiwa darasani, vipo vyuo vya aina hiyo vyenye utaratibu huo.

Mume wako. "Fanya unavyoona" ya dereva wa lori aliyetoka safari ya siku tatu inaweza kuwa ruhusa, inaweza kuwa usingizi. Msubiri apumzike, ale, kisha umwonyeshe kitu cha kushika mkononi: saa unazotaka kutoka, siku gani, nani atafunga genge, watoto watakula saa ngapi. Mwanamume huyo maisha yake yote ni ratiba na mafuta. Mpe ratiba. Ukiona anaanza kukurekebishia saa, ujue ameshakubali.

La mwisho, na ni la haraka kuliko usajili. Umesema unaandika usiku. Mwandiko wako kwenye ukurasa wa kwanza ni mdogo na umenyooka, kwenye ukurasa wa tatu herufi zimekua mara mbili na zinapanda mstari. Katika miaka 11 niliyofundisha nilipoteza wanafunzi wengi kwa sababu ya ubao ambao hawakuuona na wakaona haya kusema. Wengine walikuwa na umri wako kabisa. Kabla ya kununua daftari hata moja, nenda hospitali ya wilaya ukapime macho.